Faini imelipwa. Aliyeamua yuko wapi?

Tarehe 5 Septemba 2008, siku ya kazi ikielekea kuisha, mkurugenzi wa kampuni ndogo ya kupima udongo huko Gloucestershire, Uingereza, aliondoka kiwanjani. Nyuma alimwacha kijana wa miaka 27, mtaalamu wa jiolojia, amalizie kazi peke yake ndani ya shimo la majaribio lenye kina cha mita 3.5 hivi. Kuta za shimo hazikuwa na chochote cha kuzizuia. Wenye kiwanja walikuwa bado wapo. Kama robo saa baadaye walisikia mshindo mzito, kisha sauti ya mtu akiomba msaada. Mmoja akapiga simu ya dharura, mwingine akaingia shimoni kujaribu kumwondolea udongo. Udongo ukaporomoka tena.

Kijana alifariki humo.

Februari 2011 kampuni ilitiwa hatiani na kutozwa faini ya pauni 385,000, ilipwe kidogo kidogo kwa miaka kumi. Faini hiyo ilizidi mauzo yake ya mwaka mzima. Mahakama ya Rufaa haikuipunguza, hata ilipoelezwa kuwa huenda kampuni ikafa. Mashtaka dhidi ya mkurugenzi mwenyewe hayakufika mwisho kwa sababu ya afya yake.

Hiyo ndiyo kampuni ya kwanza kuhukumiwa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2007 inayohusu kampuni zinazosababisha kifo. Ilikuwa na wafanyakazi wanane.

Hiyo idadi ya wanane imenisumbua kwa wiki kadhaa sasa. Sheria ile haikutungwa kwa ajili ya kampuni za watu wanane. Ilitungwa kwa sababu kampuni kubwa zilikuwa zikiponyoka.

## Taa ambazo hazikuwekwa

Machi 6, 1987, feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia, ikapinduka. Watu 193 walikufa, abiria na wafanyakazi wa meli.

Ukianzia chini kwenda juu, kila mtu ana kipande chake cha kosa. Aliyepaswa kufunga milango alikuwa amelala chumbani kwake. Afisa aliyepaswa kuhakikisha imefungwa hakuhakikisha. Nahodha aliondoka kwa utaratibu uliozoeleka: asipoambiwa kuna tatizo, basi hakuna tatizo. Lakini kabla ya hapo, manahodha wa kampuni hiyo walikuwa wameomba kitu kidogo sana, taa kwenye chumba cha kuongozea meli za kuonyesha kama milango imefungwa. Ofisi ilijibu ombi hilo kwa kejeli. Baada ya maafa, taa hizo ziliwekwa kwenye meli nyingine za aina ile ndani ya siku chache.

Siku chache tu.

Kesi ya jinai dhidi ya kampuni ilivunjika mwaka 1990. Wakati ule, ili kampuni itiwe hatiani kwa kuua, ilibidi apatikane mtu mmoja wa ngazi ya juu ambaye kosa zima linamkalia. Hakupatikana. Kosa lilikuwa limegawanywa vipande vidogo vidogo kwa watu wengi, na kila kipande kwa nafasi yake kilikuwa hafifu mno kubeba kesi.

Kwenye kampuni ya watu wanane hakuna mgawanyo wa aina hiyo. Anayepanga bei ya kazi ndiye anayeamua kama shimo litaegemezwa, na ndiye anayesimama ukingoni. Ndiyo maana kampuni ndogo hunaswa kirahisi. Sheria ya 2007 ilijaribu kulirekebisha hilo: sasa huangaliwa jinsi shughuli zilivyosimamiwa na kupangwa na uongozi wa juu kwa ujumla wake. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilidhani tatizo limekwisha. Sioni hivyo tena, na sehemu kubwa ya makala hii inaeleza kwa nini.

## Mita 1.2

Kwanza turudi shimoni, kwa sababu bila kulielewa shimo hutaelewa kwa nini mahakama ilikuwa kali.

Udongo ambao haujachimbwa husukumana pande zote na kutulia. Ukichimba, unaondoa msukumo wa upande mmoja. Ukuta huanza kuvimba kwa chini, na juu hutokea ufa unaokwenda sambamba na ukingo. Udongo uliotolewa ukirundikwa pale pale ukingoni unaongeza uzito. Mashine ikipita inatikisa. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi ule ukuta si ule wa jana. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, kwa hiyo kipande kidogo tu cha ukuta kinatosha kumbana mtu asiweze kutikisika. Aliyefukiwa hadi kifuani hata kama kichwa kiko nje hayuko salama: kila akitoa pumzi, udongo unajaza nafasi ile, na pumzi inayofuata inakuwa fupi zaidi.

Njia za kuzuia zinajulikana na mafundi wote. Unachonga kuta kwa mteremko, au unaziegemeza kwa mbao au mabamba ya chuma yenye jeki, au unashusha sanduku la chuma na mtu anafanya kazi ndani yake. Iliyo bora kuliko zote ni kutomwingiza mtu kabisa. Sampuli za udongo zinaweza kuchukuliwa kutoka kwenye ndoo ya mashine ya kuchimbia, mtaalamu akiwa juu.

Mwongozo wa sekta uliotumika kwenye kesi ile ulikataza kuingia kwenye shimo lisiloegemezwa lenye kina cha zaidi ya mita 1.2. Shimo la yule kijana lilikuwa karibu mara tatu ya hapo.

Kanuni za Marekani zina kipengele kimoja ninachokipenda kuliko vingine. Zinataka kinga kuanzia kina cha futi 5, yaani mita 1.5 hivi, labda kama shimo limechimbwa kwenye mwamba imara. Zinataka udongo uliotolewa ukae angalau futi 2 kutoka ukingoni, na shimo likifika futi 4 pawepo ngazi ambayo mfanyakazi ataifikia bila kutembea zaidi ya futi 25. Shimo likaguliwe kila siku kabla ya kuanza kazi, na tena baada ya mvua. Halafu zinaeleza anayestahili kulikagua ni nani: mtu anayeweza kuitambua hatari na ambaye amepewa mamlaka ya kuchukua hatua papo hapo kuiondoa.

Sifa hizo mbili ziende pamoja. Msimamizi anayeuona ufa lakini hana ruhusa ya kuwatoa watu shimoni hajafikia kigezo hicho, hata akiwa na vyeti ukuta mzima. Nimeanza kuamini kwamba mjadala mzima wa dhima, yaani wa nani awajibike, umejificha hapo, kwenye mamlaka ya kusema "simamisheni."

## Nani alijua

Kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, Machi 25, 1911. Moto uliua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa kutokea kwenye ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Wamiliki wawili walishtakiwa, na Desemba mwaka huo huo wakaachiwa. Hakimu aliwaelekeza wazee wa baraza kuwa ni lazima waridhike kwamba wamiliki walijua mlango ule ulikuwa umefungwa wakati ule. Hilo halikuthibitika kwa kiwango kilichotakiwa. Mwaka 1914 madai ya familia yalimalizwa kwa dola 75 kwa kila aliyekufa. Katikati ya hapo, mwaka 1913, mmoja wa wamiliki wale alikamatwa tena kwa kufunga mlango kwenye kiwanda kingine. Alitozwa faini ya dola 20.

Swali la "walijua?" likiulizwa kwa namna ile, linamlinda mwajiri asiyetaka kujua. Asiyekagua, asiyeuliza, asiyesoma ripoti, huyo ndiye salama kuliko wote.

Sheria za kazi za karne ya 20 zilipindua mzigo huo, na kwangu hili ndilo geuzo kubwa kuliko nyongeza yoyote ya faini. Sheria ya Uingereza ya 1974 inampa mwajiri wajibu wa kuhakikisha usalama kadiri inavyowezekana kiutendaji. Mwendesha mashtaka akishaonyesha kuwa wafanyakazi walikuwa kwenye hatari, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kuwa hapakuwa na zaidi la kufanya. Kipimo cha "kadiri inavyowezekana" kiliwekwa kwenye kesi ya mgodi wa makaa ya mawe ya mwaka 1949: weka hatari upande mmoja wa mizani, gharama, muda na usumbufu wa kuiondoa upande mwingine. Gharama ikiwa kubwa kupita kiasi kulinganisha na hatari, mwajiri ana utetezi. Ikiwa ni kubwa kiasi tu, hana.

Ufaransa nako, Februari 28, 2002, kwenye kesi za asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huua, mahakama kuu ya rufaa ilisema mwajiri ana kosa lisilosameheka kama alijua au alipaswa kujua hatari na hakuchukua hatua. Maneno "alipaswa kujua" yanaufunga mlango ule waliotokea wamiliki wa Triangle.

Ipo kesi nyingine ambayo haisemwi sana nje ya duru za wanasheria, na inastahili kusemwa. Mwaka 1989 wakaguzi walikuta minara ya kupoozea hewa ya jumba la makumbusho la sayansi la London ikitunzwa vibaya kiasi cha kuweza kueneza lejionela, bakteria wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu. Utetezi ukasema: haijathibitishwa kuwa kuna mtu aliyevuta hao bakteria. Mahakama ya Rufaa ikajibu mwaka 1993 kuwa si lazima. Kosa ni kumweka mtu kwenye hatari. Mtu hahitaji kuugua ndipo kosa litimie.

Waajiri wengi hawajalielewa hili hadi leo. Utasikia "hatujawahi kupata ajali" ikitolewa kama utetezi. Mashine isiyo na kinga ni kosa lililokamilika siku ya kwanza, mikono yote ikiwa mizima.

## Ndoo iliyookotwa

"Huyo si wetu, ni wa mkandarasi." Kwenye ajali za siku hizi hili ndilo jibu la kwanza kutolewa.

Mwaka 1990, kwenye kiwanda cha kemikali cha Ellesmere Port, fundi wa mkandarasi mdogo alikuwa ndani ya tangi akikarabati utando wa ndani wakati kiwanda kimesimama kwa matengenezo ya mwaka. Sehemu aliyokuwa anarekebisha ilibidi isafishwe kwa asetoni, kimiminika ambacho mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo sana. Asetoni ilikuwa kwenye ndoo ya wazi, ndoo ya rangi iliyookotwa kwenye pipa la taka. Ndani ya tangi kulikuwa na taa ya kawaida ya umeme. Balbu ikavunjika, mvuke ukalipuka, fundi akaungua vibaya.

Kampuni yenye kiwanda ilikata rufaa hadi ngazi ya mwisho ikisema kazi haikuwa yake. Mwaka 1996 ikashindwa. Hoja ya majaji ilikuwa nyepesi kueleweka: kusafisha na kukarabati tangi ni sehemu ya uendeshaji wa kiwanda, tangi liko ndani ya uzio wake, na mwenye kiwanda ndiye mwenye utaratibu wa vibali vya kazi hatarishi. Alikuwa na uwezo wa kuuliza asetoni inabebwa kwenye nini, taa ni ya aina gani, hewa inatokaje mle ndani. Hakuuliza.

Kwa hiyo mkataba wenye kifungu cha "mkandarasi atawajibika kwa usalama wote" una thamani ndogo sana mbele ya mahakama ya jinai. Unaweza kusaidia baadaye, pande mbili zikigawana gharama za fidia. Wajibu wenyewe hauhamishiki kwa saini.

## Mkaguzi anatafuta nini

Baada ya ajali, mpelelezi mzuri huchukua muda mfupi kwenye eneo la tukio na muda mrefu ofisini. Anaanza na tathmini ya hatari. Ya kunakili hujulikana haraka: inataja kreni mahali pasipo na kreni, au jina la mradi mwingine limesahaulika ukurasa wa nne. Kisha daftari la ukaguzi. Saini za mwezi mzima kwa kalamu moja, mkandamizo mmoja, bila siku hata moja yenye kasoro, hizo zimeandikwa kwa mkao mmoja. Kisha orodha ya mafunzo, ambayo huwekwa sambamba na karatasi ya mishahara. Mfanyakazi "alihudhuria mafunzo" tarehe ambayo karatasi ya mishahara inasema hakuwepo kazini. Hapo kesi ya uzembe imeshaanza kugeuka kuwa ya kughushi.

Lakini karatasi nzito kuliko zote huwa ni ya fedha. Nukuu ya bei ya kukodi sanduku la chuma, iliyoombwa na msimamizi na kuandikwa juu yake "tusubiri." Ombi la kinga ya mashine lililokaa miezi kwenye idara ya manunuzi. Ujumbe wa simu wa saa kumi na mbili asubuhi: bosi, ukuta una ufa, tuendelee? Na jibu lake.

Hizo ndizo zinazomtoa mkurugenzi kwenye kivuli cha kampuni. Sheria ile ile ya 1974 inasema kosa la kampuni likitendeka kwa ridhaa ya mkurugenzi au meneja, au kwa kulifumbia macho, au kwa uzembe wake, naye ana hatia binafsi. Tangu mwaka 2009 anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Ridhaa na kufumbia macho hutaka ushahidi wa kujua. Uzembe unatosheka na kuonyesha kuwa jambo lilikuwa ndani ya majukumu yake na alipaswa kulifuatilia.

Na utetezi wa "alizembea mwenyewe"? Una nafasi yake kwenye madai ya fidia ya uzembe, ambako kiasi kinaweza kupunguzwa kwa sehemu ya kosa la majeruhi. Kwenye jinai haufiki mbali. Chukua mashine ya kukandamiza bati ambayo swichi ya usalama ya kinga yake imezibwa kwa sumaku ili mashine ifanye kazi kinga ikiwa wazi. Nani aliweka ile sumaku? Pengine mfanyakazi kweli. Ila mkaguzi atauliza imekaa pale muda gani, nani hupita mbele ya mashine ile kila asubuhi, na kama idadi ya vipande anayodaiwa mfanyakazi kwa zamu inafikika kinga ikiwa imefungwa. Kama haifikiki, aliyeweka lengo lile ndiye aliyeiweka ile sumaku. Nalisema hili bila kusita.

Glovu na kofia huja mwisho wa mpangilio wa hatua za kinga. Mwanzo ni kuiondoa hatari yenyewe, kisha kuibadilisha na isiyo kali, kisha kuizuia kwa kifaa, kisha kupanga kazi upya. Mwajiri ambaye utetezi wake wote ni "tuliwapa vifaa kinga" ameshaeleza mwenyewe kuwa aliruka hatua zote za juu. Tena kama aliwakata mishahara kulipia vifaa hivyo, amekwenda kinyume na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, unaosema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi.

## Pesa ikigoma kupatikana

Tangu Februari 2016, majaji wa Uingereza hupanga faini kwa ngazi: kiwango cha kosa, ukubwa wa hatari, kisha mauzo ya kampuni. Kwa kosa zito kabisa lenye hatari ya juu kabisa, kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 50 na kuendelea huanzia pauni milioni 4. Kampuni ndogo kabisa huanzia 250,000. Mfumo huu umelipandisha suala la usalama kutoka meza ya afisa usalama hadi meza ya bodi, na kwa hilo naupongeza.

Shida ni pale mlipaji anapotoweka.

Mgodi wa makaa ya mawe wa Pike River, New Zealand, ulilipuka Novemba 19, 2010, na kuua wanaume 29. Gesi ya methani ilijulikana kuwapo. Kampuni iliangukia mikononi mwa wafilisi. Julai 2013 iliamriwa kulipa faini ya dola 760,000 za nchi hiyo na fidia ya dola milioni 3.41 kwa familia na manusura wawili, na fedha hazikuwepo. Desemba mwaka huo, kwa makubaliano, mashtaka dhidi ya mkurugenzi mkuu wa zamani yaliondolewa, na kiasi kile kile cha milioni 3.41 kikalipwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema makubaliano yale yalikuwa kinyume cha sheria: mashtaka ya jinai hayauzwi. Lakini yalikuwa yameshaondolewa.

Ndipo nilipoachana na wazo kwamba faini kubwa inatosha. Faini hulipwa na wanahisa, au na wadai wa kampuni iliyofilisika, au hailipwi. Fidia hulipwa na bima. Na pale penye mfumo wa fidia usiouliza kosa la nani, ule ulioanza Ujerumani mwaka 1884, mara nyingi mwajiri hupata na kinga ya kutoshtakiwa kwa madai ya kawaida. Mfumo huo ni mzuri kwa majeruhi, kwa sababu analipwa bila kungoja kesi ya miaka. Ila usihesabiwe kama adhabu.

## Kifungo, na kinachonitia shaka

Basi wafungwe? Wamefungwa baadhi.

Mgodi wa Upper Big Branch, West Virginia, Aprili 5, 2010: vifo 29. Walinzi wa getini walikuwa wakiarifu kwa redio kuwa wakaguzi wamefika, ili waliopo chini wajiandae. Kulikuwa na vitabu viwili vya kumbukumbu, cha wakaguzi na cha wenyewe. Mtendaji mkuu wa kampuni, Don Blankenship, alitiwa hatiani mwaka 2015 kwa kula njama ya kukiuka kanuni za usalama migodini. Adhabu ikawa mwaka mmoja jela na faini ya dola 250,000. Hayo ni matokeo makubwa kwa Marekani, ambako sheria ya usalama kazini ya 1970 inatoa kifungo kisichozidi miezi sita kwa mwajiri ambaye kwa kosa lake la kwanza amekiuka kanuni kwa makusudi na mfanyakazi akafa.

Turin, usiku wa kuamkia Desemba 6, 2007: moto kwenye kiwanda cha chuma cha ThyssenKrupp ulisababisha vifo vya wafanyakazi saba. Kiwanda kilikuwa njiani kufungwa, na uwekezaji wa kuzuia moto ulikuwa umeahirishwa. Mwaka 2011 mtendaji mkuu alihukumiwa miaka 16 na nusu kwa kuua kwa kukusudia. Rufaa zikabadilisha kosa kuwa uzembe wa mtu aliyeiona hatari, na hukumu ya mwisho ya mwaka 2016 ikawa miaka 9 na miezi 8. Kesi ile ilisimama juu ya uamuzi wa fedha wenye tarehe: watu waliendelea kufanya kazi pale huku pesa ya kuwakinga ikisogezwa mbele.

Nakubaliana na hukumu hiyo. Kinachonitia shaka ni tabia inayozaliwa jela ikiwa karibu. Msimamizi aliyeponea chupuchupu leo ataandika ripoti? Wanasheria wakiingia kabla ya mafundi, ushahidi wa kiufundi hufichwa, na ajali ile ile hujirudia kwenye kiwanda kingine. Ripoti za matukio ya nusura ndiyo macho ya mwajiri, na woga huyafumba.

Nilipofika, kwa sasa, ni hapa: aliyeripoti alindwe kabisa, hata kama alikosea yeye. Jela ibaki kwa aliyepewa ripoti akaahirisha kwa sababu ya pesa au ratiba, na kwa aliyeghushi kumbukumbu. Mstari huo unachorwa vizuri na zile karatasi za manunuzi nilizozitaja.

Magonjwa ni kesi ngumu zaidi. Vumbi la asbesto huua miongo kadhaa baada ya kuvutwa. Novemba 2014 mahakama ya juu ya rufaa ya Italia ilifuta hukumu ya mfanyabiashara Stephan Schmidheiny kwenye kesi ya viwanda vya Eternit yenye waathirika karibu 3,000, kwa sababu muda wa kushtaki ulihesabiwa tangu viwanda vilipofungwa mwaka 1986. Watu walikuwa bado wanakufa. Ndiyo maana kanuni za Uingereza za kemikali zinataka kumbukumbu za uchunguzi wa afya ya mfanyakazi zitunzwe miaka 40, na ndiyo maana mfanyakazi anayeacha kazi yenye vumbi au kemikali aombe nakala ya vipimo vyake siku anayoondoka.

## Amri ya kusimamisha

Adhabu ninayoiamini kuliko zote haihitaji hakimu. Mkaguzi anafika, anaona shimo la mita mbili lisiloegemezwa, anaandika amri ya kusimamisha kazi. Inaanza papo hapo. Mashine ya kukodi inasimama huku bei yake ikihesabika, zege lililoagizwa linarudishwa, mteja anapiga simu. Hiyo gharama inamfikia aliyepanga ratiba siku hiyo hiyo, na hakuna aliyekufa. Kasoro ndogo hupewa amri ya kurekebisha yenye tarehe. Kuipuuza amri yoyote kati ya hizo ni kosa la jinai linalojitegemea, na ni rahisi kulithibitisha: amri hii hapa, tarehe hii hapa, kazi iliendelea.

Udhaifu wake ni kwamba lazima mkaguzi awepo, na wakaguzi daima ni wachache kuliko mashimo. Kwa hiyo nusu ya pili ya amri hiyo iko kwa wafanyakazi wenyewe. Mkataba namba 155 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi anayoamini, kwa sababu za msingi, kuwa ni hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake. Juni 2022 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliiweka kazi salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi kazini, ambazo nchi zote wanachama zina wajibu wa kuziheshimu hata kama hazijaridhia mkataba wenyewe.

Anayejiondoa afanye mambo mawili: amwarifu msimamizi wake mara moja, na aarifu kwa njia inayobaki, ujumbe wa simu wenye picha na saa. Aseme kitu kinachoonekana, kama "ufa kwenye ukuta wa kaskazini, shimo lina kina cha zaidi ya kimo changu," asiseme tu "si salama." Ujumbe huo ukishafika, mwajiri hawezi tena kusema hakujua, na akimrudisha mtu shimoni kabla ya kurekebisha, jibu lake litakuwa na jina lake juu.